Vidole Viwili vya Kupumulia

6 Februari

Mjomba, shikamoo.

Usishtuke kuona barua. Hakuna msiba, sijafukuzwa, na simu yangu ni nzima. Ni sharti la somo: kila ninachokuuliza na kila unachonijibu kiwe kwenye karatasi, kiwe na tarehe na sahihi, kibandikwe kwenye daftari langu la usanifu. Mwalimu wa karakana anasema maneno ya simu hayana tarehe, na mtu akibanwa huyakana. Sisi tunamwita Nukta. Kwake milimita moja ni safari ndefu. Yeye hupima sehemu yake ya kumi.

Somo lenyewe linaitwa Kubuni na Kutengeneza. Kila mwanafunzi amtafute mtu mmoja mwenye shida ambayo chombo kinaweza kuitatua, amchoree chombo hicho, akitengeneze kwa mikono yake mwenyewe, na tarehe 10 Aprili mtu huyo aje akitumie mbele ya wasahihishaji watatu. Kisipofanya kazi mkononi mwake umeanguka, hata kama kinang'aa. Jirani yangu wa benchi amemchagua bibi yake asiyeweza kufungua chupa za dawa. Mimi nimekuchagua wewe.

Najua utasema kidole gumba chako hakina neno. Mjomba, nilipokuja likizo nilihesabu. Siku nane, na hukukata kitambaa hata kimoja. Ulishona, ulipiga pasi, uliwatania wateja kama kawaida yako, lakini vitambaa vilikwenda kukatwa kwa fundi wa kona na kurudi vimefungwa kwenye gazeti. Fundi wa kona! Mtu uliyesema hukata suruali kama anayemenya viazi.

Nataka ukate tena, basi. Nimechora mpini mpya wa mkasi wako mkubwa. Upande wa chini utatulia mezani. Upande wa juu utakuwa na bakuli la alumini ambamo kiganja kinaingia. Unasukuma kwa bega, springi inaufungua tena. Kidole gumba kinakaa pembeni kama mgeni rasmi, hakifanyi kitu.

Nahitaji vipimo vitatu vya mkono wa kulia: mzunguko wa kiganja, mzunguko wa kifundo, na urefu kutoka kifundo hadi mzizi wa kidole cha kati. Kila mtu amepewa kipande kimoja tu cha alumini. Ukikiharibu, hakuna kingine.

Msalimie Mkaza Mjomba.

Mpwa wako,
Bobini

*

12 Februari

Bobini,

Marahaba. Mkaza mjomba wako alikaa chini kabla ya kuifungua bahasha, kwa hiyo ule mstari wa kwanza ulitusaidia.

Naona chuo kinakufundisha kuhesabu siku za watu. Kidole kimeshikwa na uvivu tu, utapita. Nilimpa fundi wa kona kazi kidogo kwa sababu ana watoto wengi na mikono miepesi. Lakini kwa kuwa huu ni mtihani wako, siwezi kukunyima mkono wangu. Chukua:

Mzunguko wa kiganja, sentimeta 24.
Mzunguko wa kifundo, 19.
Urefu, 11.

Nimejipima kwa tepu ileile niliyokupimia sare yako ya kwanza ya shule. Nina miaka thelathini na minne kwenye kazi hii, na hajarudi mteja hata mmoja kusema kipimo changu kimembana. Mwambie huyo Nukta.

Mwandiko usikutishe. Kalamu za siku hizi nyembamba.

Mwalimu, kwa kuwa na wewe utasoma: mtoto huyu nimemlea tangu ana miaka sita. Alikuwa anakaa chini ya meza yangu ya kukatia akinijazia nyuzi kwenye bobini za cherehani, ndiyo asili ya jina lake. Akili anayo. Ila hukimbilia mwisho kabla hajakagua mwanzo. Aliwahi kukata picha kwenye gazeti kwa mkasi wangu wa kitambaa, akamaliza, ndipo akaja kuomba ruhusa. Mbane.

Mjomba wako

*

27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Asante kwa kunianika. Nukta aliisoma barua yako darasani, kwa sauti, hadi pale pa gazeti. Sasa kila nikishika chombo mtu ananiuliza kama nimeomba ruhusa.

Ndani ya kifurushi hiki kuna bakuli lako. Wiki mbili nzima. Siku ya kwanza niliwasha mashine ya kuchonga, nikaondoa alumini kidogo mno, nikaogopa, nikazima. Nukta akaniuliza kama nachonga au nabembeleza. Siku ya nne nilikuwa nasikia kwa sikio kama kisu kinakula vizuri au kinalalamika, na hapo nikakukumbuka unavyosikia cherehani ikikosa mafuta ukiwa chumba cha pili. Ndani nilimalizia kwa tupa na msasa. Nukta alilipima kwa kaliperi sehemu tano tofauti. Kosa kubwa kabisa lilikuwa sehemu mbili za kumi za milimita. Akasema, "Hm." Wenzangu wanasema tangu mwaka juzi hajamwambia mtu "Hm."

Jambo moja la kucheka. Koti la karakana nililoazimwa stoo lilishonwa kwa ajili ya mtu mwenye mabega mawili zaidi yangu. Juzi mkono wake ulikaribia drili inayozunguka, Nukta akapiga kelele karakana nzima ikasimama. Alinitoa nje. "Hapa nguo inayopwaya inaua." Sasa naikaza mikono kwa mipira ya kufungia madaftari, na nikivua koti nina alama kama za pingu.

Tafadhali livae bakuli, usukume nalo kitu mezani, kisha uniandikie ukweli. Likikukaa, nirudishie pamoja na mkasi wako mkubwa. Pete ya mkasi, ile inapoingia kidole gumba, nitaikata kwa msumeno ili mpini mpya ukae, na pete ikishakatwa hairudi. Lisipokukaa niandikie pia, kabla sijatoboa matundu ya skrubu. Neno lako ndilo ushahidi wangu. Nukta haniruhusu kuendelea bila hilo.

Bobini

*

4 Machi

Bobini,

Limefika salama. Ni kazi nzuri sana. Nimelivaa, limenikaa kama lilizaliwa nami. Endelea.

Mkasi huu hapa. Nimeuzungushia flaneli, usiufungue karibu na unyevu. Alinikabidhi fundi aliyenifundisha, siku niliyokata koti langu la kwanza bila yeye kusimama nyuma yangu. Haujawahi kukata karatasi isipokuwa ile siku tunayoijua. Pete ikate.

Mjomba wako

*

14 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilikuwa fupi, lakini ilinitosha. Nukta aliibandika mwenyewe kwenye daftari, akapiga mhuri, akasema, "Mtumiaji ameridhika, songa mbele."

Nimeikata pete. Niliufunga mkasi kwenye jiriwa, nikaweka vipande vya ngozi pande zote mbili ili meno yasiuchubue, nikasimama nao kwa muda. Jirani yangu wa benchi akasema, "Dada, unaufanyia maombi au unaukata?" Chuma cheusi kile ni kigumu kuliko nilivyodhani. Dakika ishirini na tano, misumeno miwili yenye meno mapya. Pete ilipoanguka niliiokota, ninayo mfukoni. Imelika upande mmoja kwa ndani, pale kidole chako kilipokuwa kinakaa. Nilipitisha kidole changu, kikazama.

Matundu nimeyatoboa, skrubu nne zimeingia, bado springi tu. Zimebaki wiki nne na mimi niko mbele ya ratiba. Kwa mara ya kwanza sina la kuogopa.

Bobini

*

18 Machi

Mwanangu,

Mimi si mtu wa barua, nitasema moja kwa moja.

Lile bakuli halikumkaa. Siku lilipofika alilivaa mbele yangu, likamzunguka mkononi kama bangili ya kuazima. Alijaribu kusukuma pasi mezani, likapinduka. Alilivua, akalifuta, likalala kabatini kati ya mashuka siku mbili. Kisha akakaa kukuandikia. Nilimwambia, "Mwambie mtoto ukweli." Akasema, "Mtoto kachonga kama nilivyompimia. Kosa ni la mkono, si lake." Anaandika kwa mkono wa kushoto. Kalamu imemshinda kwa wa kulia tangu Desemba, hakuna cha kalamu nyembamba.

Jana nilimsomea barua yako. Nilipofika pa msumeno aliweka kikombe chini, akatoka kwenda kukagua komeo la mlango wa uani. Komeo halina kasoro yoyote.

Na kuna jingine. Ameshampa seremala wa mtaa wa nyuma neno lake: meza ya kukatia aje aichukue tarehe 2 Aprili. Anasema inakula nafasi. Mimi meza ile sina mapenzi nayo, imenigonga paja miaka thelathini. Lakini yeye bila kukata si yeye, na mimi sijui kuishi na mtu mwingine.

Fanya unaloweza. Usimwambie nimeandika.

Mkaza mjomba wako

*

21 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nina swali moja. Nukta anataka kwenye daftari kuwe na maelezo ya jinsi kila kipimo kilivyochukuliwa, hatua kwa hatua. Mimi nilijaza tarakimu zako tu, sikuuliza.

Ulijipimaje? Nijibu kama unavyomjibu mteja aliyeleta kitambaa kifupi: bila kunionea huruma.

Bobini

*

24 Machi

Bobini,

Swali lako lilinitia hasira kwanza. Ni kama kumuuliza mtu kama anaijua njia ya kwenda kwake. Nikachukua kalamu nikuandikie: nilijipima kama ninavyompima mtu yeyote. Nilizungusha tepu, nikaingiza vidole viwili ndani ya tepu, nikasoma.

Hapo kalamu ikasimama.

Vidole viwili vya kupumulia. Kiunoni vidole viwili, kifuani vidole vinne, shingoni kimoja. Sifikirii hata kidogo, mkono unaingia wenyewe. Kipimo kitupu hakishonwi, Bobini. Mshonee mtu suti kwa kipimo kitupu, ataivaa asubuhi, na jioni atakuletea ameishika mkononi. Na kwenye ule urefu niliongeza sentimeta moja ya kitambaa kunywea kikifuliwa. Sikujua kama alumini hainywei.

Nimechukua tepu nikajipima upya, kipimo kitupu kabisa, na Mkaza Mjomba akisoma tarakimu ili nisijidanganye. Kiganja 21. Kifundo 16. Urefu 10.

Sasa nikuambie kilichonifanya niseme uongo. Bakuli lilipozunguka, sikufikiri hata mara moja kwamba kipimo kilikosewa. Kipimo changu hakikosei. Nilifikiri mkono umepungua. Nguvu nilijua zimekwenda. Nikadhani sasa na nyama imezifuata, tena kwa wiki tatu tu. Nikauangalia mkono, nikauona mdogo kweli. Mtu akitaka kuona kitu hukiona. Nikasema mkono unaokwisha kwa kasi hiyo hauna haja ya meza, na mtoto asiangushwe mtihani kwa ajili yake. Kumbe mkono ni uleule.

Ndiyo, najua unajua habari za meza. Mkaza mjomba wako ananyata tangu wiki iliyopita, na miguu yake haikuumbwa kunyatia.

Umekata pete kwa neno langu. Hilo ni kosa langu na nalibeba. Lakini sikiliza, na mwalimu naye asikilize. Chuma hakipunguzwi, nimeelewa. Kipande cha pili hakuna, nimeelewa. Nguo ikimpwaya mtu tunaitupa? Tunaitia bitana. Sentimeta tatu za mzunguko, ukizigawa pande zote, hazifiki nusu sentimeta kila upande. Hiyo ni kanvasi nje, kanvasi ndani, na pamba katikati, imeshonwa mistari ya mshazari isijikusanye. Nileteeni bakuli likiwa kwenye mkasi, na springi yake. Bitana nitaishona mimi.

Mjomba wako

*

28 Machi

Mjomba, shikamoo.

Kifurushi hiki kina kila kitu: mkasi, mpini, bakuli, springi. Kabla ya kukifunga nilitoboa matundu madogo kumi na mawili kwenye ukingo wa bakuli, ili uzi wako upate pa kushika. Nimeyasugua kwa ndani, hayatakata uzi.

Nilimpelekea Nukta barua zako mbili, ya tarehe 4 na ya tarehe 24, nikaziweka mezani pamoja. Alizisoma akiwa amesimama. Nilitegemea kelele. Akauliza, "Wewe umekulia kwenye duka hilo?" Nikasema ndiyo. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye daftari: *Mbunifu hakumjua mtumiaji wake.* Amenikata alama kumi na tano. Kisha akaandika chini yake: *Bitana: wazo zuri. La nani?* Nikajaza: *La mtumiaji.*

Alama nimezikubali. Miaka yote ile chini ya meza, maneno "vidole viwili" nimeyasikia kuliko jina langu mwenyewe. Bado niliposoma 24 sikushtuka. Jirani yangu alishtuka, alisema, "Mjomba wako ni mchezaji wa kikapu?" Nikamwambia ndivyo ilivyo. Mikono yako niliiona mara ya kwanza nina miaka sita, imeshika mkasi juu ya kichwa changu. Sikuwahi kuipima tena tangu hapo.

Umesema bitana utaishona. Hukusema utaikata kwa nini. Kama unafikiria kumpelekea fundi wa kona, nitapanda basi kesho.

Bobini

*

2 Aprili

Bobini,

Baki huko huko. Fundi wa kona hajagusa kitu.

Kifurushi kilifika jana. Leo asubuhi nilijaza matambara kwenye bakuli lisicheze, nikaingiza mkono, nikatandika kanvasi mezani, nikachora kwa chaki. Nikasukuma. Mara ya kwanza mkasi ulitafuna, kwa sababu nilitaka kukiita kidole gumba nacho kikaitika. Nikakiambia kitulie. Mara ya pili ulikata. Sentimeta nne hivi, halafu kumi, halafu hadi mwisho wa chaki.

Mlio wa mkasi ule juu ya mbao unaujua. Mkaza Mjomba alikuwa jikoni. Hakuja. Alizima redio tu.

Saa nne akaja seremala na watu wawili na kamba.

"Fundi, nimefuata mali."

"Mali gani?"

"Meza, mzee. Si ulisema tarehe mbili?"

"Nilisema."

"Basi toa hicho kitambaa tubebe."

"Hakitoki. Kinakatwa."

"Kinakatwa na nani?"

Nikamwonyesha. Alitazama pale pete ilipokuwa, akatikisa kichwa. "Fundi, umeuharibu mkasi."

"Sikuuharibu mimi. Kauharibu mhandisi."

Akaomba kuushika. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa bakuli lako, polepole, mara mbili. "Tupa hii kapiga nani?" Nikamwambia mpwa wangu. Akasema, "Huyu ana mkono," na unajua yeye sifa huzitoa kama anatoa jino. Halafu akakumbuka kilichomleta. "Sasa mimi na watu wangu na kamba zetu?" Nikamwambia nitamkatia suruali ya kazi, maana aliyovaa inamsema vibaya mtaani. Akasimama nimpime. Nikampima. Vidole viwili.

Mchana nikashona bitana. Imekaa. Lakini nikuambie jambo ambalo wewe na mwalimu hamkuniuliza: mkono huu asubuhi huvimba, na jioni hunywea. Ungechonga 21 kamili, lingenibana kabla ya chai na kulegea kabla ya magharibi. Pamba inakubali yote mawili. Liandike kwenye daftari uone kama hizo kumi na tano hazitarudi.

Mjomba wako

*

4 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimeliandika. Nukta alilisoma, akasema "Hm," akarudisha alama tano. Kumi amebaki nazo, anasema hizo ni za kunikumbusha kumuuliza mtu siku yake inavyokwenda kabla ya kumchongea kitu.

Tarehe 10, saa tatu asubuhi. Nitakungoja kituo cha basi tangu saa kumi na mbili. Njoo na mkasi ukiwa kwenye flaneli, na kitambaa kizito, mita mbili. Watakuambia ukate mita moja kwa mstari ulionyooka. Mkono ukiwa umevimba, sema umevimba. Usiniambie bakuli limekukaa kama lilizaliwa nawe. Nakuomba.

Mkaza Mjomba na aje pia. Mwambie hana haja ya kunyata.

Bobini

*

19 Aprili

Bobini,

Fungua kifurushi kwanza, ndipo usome.

Hilo ni koti la karakana. Kakii nzito, mishono miwili miwili, mifuko ndani ili kisitokeze kitu cha kunaswa. Nimelikata mimi, mezani kwangu, kwa siku moja na nusu. Zamani ingekuwa nusu siku, lakini sikimbizwi.

Utauliza vipimo nilivipata wapi. Wale watatu walipokuwa wanakuuliza maswali, mimi nilikuwa nakupima kwa macho. Walidhani nafuatilia. Mwanamke wa katikati aliponigeukia na kusema, "Mzee, una la kuongeza?" nilikuwa kwenye bega lako la kushoto, limeshuka kidogo kuliko la kulia. Umeanza kusimama kama mtu wa benchi.

Watu wa nyumbani bado wananicheka kwa ile mita moja. Walisema mita moja, nikakata mita moja, mstari kama uzi wa mvuvi, kisha Nukta akaweka rula yake na kusema, "Imezidi sentimeta tatu." Mkaza Mjomba anasema uligeuka rangi. Mimi niliona tu Nukta anakutazama wewe, halafu mimi, halafu anacheka. Sikujua kama ana meno. Aliponiaga alinishika mkono wa kulia, nikauacha aushike.

Matokeo nimeyasoma. Umepita. Zile kumi walizozuia ni deni langu, koti hili ni malipo.

Pete uliyonirudishia nimeipigilia kwenye ukingo wa meza. Natundika tepu hapo.

Mikono ya koti nimekukatia kipimo kitupu, inakwisha pale pale kwenye kifundo, haina hata uzi wa kupwaya. Mwalimu wako akague. Lakini mgongoni nimeongeza vidole viwili. Huko hakuna mashine, na mtu lazima apumue.

Mjomba wako